Mutu Haiko Humu

Epulu, tarehe 11 Februari 2024

Binti yangu Kavira,

Niwie radhi kwa ukimya wangu. Tangu tulipomzika baba yako mwezi wa Oktoba sijakuandikia hata mstari mmoja, nami ndiye niliyesimama mbele ya watu wa matanga nikasema kwamba sasa mimi ndiye baba yenu. Barabara ilifungwa mara mbili, na magari yalikaa Komanda yakingoja ulinzi, lakini hiyo si sababu ya kutosha. Mtu anaweza kuiandika barua na kuiweka tayari. Sikuiandika.

Hapa tu wazima. Mama yako mkubwa anakusalimu, pamoja na goti lake, ambalo sasa analitaja kama mtu wa nyumbani. Kaka yako Roger bado ana kazi kituoni, kwenye hifadhi, na mke wake amejifungua salama mtoto wa kike. Mvua imeozesha mihogo. Mimi ni mwalimu mstaafu, lakini wazazi wa hapa hawalijui neno hilo. Kila jioni wananiletea watoto niwasahihishie imla.

Sasa neno lenyewe. Vital, dereva wa lori, alilala kwetu juzi. Akaniambia, huku akila, kwamba ameona karatasi yenye muhuri imebandikwa kwenye mlango wa nyumba ya marehemu ndugu yangu, hapo mtaa wa Lumumba. Nikamuuliza inasema nini. Akajibu kwa lugha yake ya barabarani, ambamo dizeli ni mazutu na serikali ni Leta: "Miye nasomaka bei ya mazutu, muzee. Karatasi ya Leta sisomake."

Ni karatasi gani? Nani ameitia saini? Wewe ulikuwa wapi siku waliyoibandika, na kwa nini nimeipata habari hii kwa dereva? Usinipigie simu. Mtandao wa hapa hukata maneno katikati, na hata usipoyakata, maneno ya simu hayana tarehe wala saini. Andika.

Baba yako mkubwa,
Tharcisse


Bunia, tarehe 3 Machi 2024

Baba Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Nimeipokea barua yako kwa mkono wa Vital mwenyewe, naye aliona haya kidogo alipojua kwamba ameandikwa ndani. Sisi tu wazima. Mdogo wangu Séphora yuko darasa la mwisho, mwaka huu anafanya mtihani wa serikali, na anasoma hadi tunamnyang'anya taa. Mimi niko nashona. Sare za shule zimenipa kazi tangu Januari, na mashine ya marehemu mama haijanigomea. Mpe pongezi mke wa Roger.

Sikutaka kukusumbua, ndiyo sababu sikuandika. Sasa nakueleza yote.

Unajua kwamba nyumba hii ni ya serikali, na Baba alipewa kwa kuwa alikuwa mtumishi. Kodi yake imewekwa kwa amri, haipandi. Mjini mwenye nyumba anataka dola, tena anataka dhamana ya miezi sita kabla hujaingiza hata kiti. Sheria inasema mtumishi akifa, watoto wake wanaoishi humo wanabaki. Lakini nyumba ikikaa miezi mitatu bila mtu, inahesabiwa kuwa wazi, na Ofisi ya Makao inaweza kumgawia mtumishi mwingine.

Mwishoni mwa Januari mawakala wawili wa ofisi hiyo walikuja na askari mmoja. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda sokoni kununua uzi. Walimkuta jirani langoni. Yule mwenye miwani akakohoa, akauliza, "Mama, nani anaishi humu?" Jirani akamwambia, "Mutu haiko humu, baba." Akakohoa tena, akauliza tangu lini. "Tangu muzee alikufa. Benyewe balienda zamani, sijue kama ni Komanda, sijue kama ni Beni." Wakaandika, jirani akatia alama ya kidole, wakaenda.

Karatasi uliyosikia inasema kwamba nyumba iko wazi tangu Oktoba na kwamba amegawiwa bwana Guelord, karani aliyehamishwa kutoka Aru. Tumepewa nafasi ya kupinga mbele ya tume ya ofisi. Tukishindwa, tunatoka. Sijui tutakwenda wapi, na Séphora hawezi kufanya mtihani akiwa njiani.

Nimeweka ombi la kupinga. Tuombee.

Mtoto wako,
Kavira


Epulu, tarehe 20 Machi 2024

Binti yangu Kavira,

Salamu kwako na kwa Séphora. Huku mtoto wa Roger amepewa jina la Arlette, na mama yako mkubwa anashinda naye mgongoni licha ya goti. Nyuki wameingia katika dari ya shule, watoto wanasomea nje. Hayo ndiyo yetu.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila mara nimekasirika mahali palepale. Ofisi imeandika kwamba nyumba haina mtu wakati humo mna vitanda, mna sufuria, mna mwanafunzi wa darasa la mwisho na mashine ya kushonea inayosikika hadi barabarani. Wakala hakufungua mlango. Hakuchungulia dirishani. Alimuuliza mtu mmoja langoni, akaridhika. Namna hiyo hata mtoto wa darasa la pili hapati alama.

Lakini wakala hakuibuni habari hiyo. Kuna mtu aliyemwambia. Mtu huyo amesema uongo mbele ya serikali na kuutia kidole, na kwa uongo huo watoto wa ndugu yangu wanatupwa nje. Nataka aitwe mbele ya tume. Nataka aulizwe mbele ya watu alipewa nini na huyo Guelord. Akikana, mwanasheria amshtaki. Uongo ni uongo, uwe wa langoni au wa mahakamani.

Kwa nini umeandika "jirani" mara tatu bila jina? Majirani wa Lumumba nawajua. Niliishi nyumba hiyo pamoja nanyi kabla sijahamia huku. Nitajie jina.

Jambo dogo: "niko nashona" si Kiswahili nilichokufundisha. Tume itakapokuandikisha maelezo, andika "ninashona". Wasipate hata sababu moja ya kukudharau.

Tharcisse


Bunia, tarehe 28 Aprili 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo, na pole na nyuki. Séphora amekuwa wa tatu darasani. Mimi nilipata homa, nikapona. Tumemlipia Baba misa ya miezi sita, na padri alikumbuka kutaja kwamba alikuwa mtu wa kutimiza ahadi.

Tume imetuita mara tatu. Mara ya kwanza faili haikuonekana. Mara ya pili ilionekana, lakini mwenyekiti alikuwa amekwenda kwenye semina. Mara ya tatu mwenyekiti alikuwepo na faili ilikuwepo, na wakala mwenye miwani hakuja. Avoka wetu, mwanasheria Bénédicte, ambaye ananisaidia kwa kuwa namshonea, aliuliza kama nyumba inaweza kuitwa wazi wakati anayedai kuishi ndani yake amekaa hapa kwenye benchi. Mwenyekiti akasema, "Maître, miye najua yenye imeandikwa. Na imeandikwa kwamba huyu haiko."

Nilikuwa nimekaa mbele yake, Baba Mkubwa. Nilikaribia kucheka.

Bwana Guelord si mtu mbaya, na hilo linaniudhi zaidi. Yeye, mke wake Fifi na watoto wanalala sebuleni kwa shemeji yao. Jumamosi moja walikuja kuitazama nyumba. Fifi alipima madirisha kwa mikono yake miwili kama anayetaka mapazia, akaona mashine yangu, akasema, "Kumbe uko fundi, dada. Rido ya hizi madirisha utanifanyia bei gani?" Nikamwambia kwamba madirisha hayo ni yangu. Akasema, "Najua, dada. Lakini kama haikuwa yako?" Nikamtajia bei. Sijui kwa nini nilimtajia.

Umeniuliza jina. Nimelifikiria mwezi mzima na sioni njia ya kuendelea kukuficha. Ni Mama Agathe.

Hakupewa kitu na mtu yeyote. Aliona miwani, karatasi na askari, akasema anachosema siku zote. Tangu ajue kilichotokea hauzi tena makaa langoni. Anauzia nyuma ya nyumba yake na anapita kwetu akiwa ametazama chini. Bénédicte anasema njia ya haraka ni kumwita mbele ya tume akiri kwamba alidanganya, nao wataufuta uamuzi. Anaweza kutozwa faini, anaweza hata kulala ndani siku kadhaa. Ana umri wako.

Usiniamuru kumpeleka huko. Nakuomba.

Kavira


Epulu, tarehe 9 Julai 2024

Binti yangu Kavira,

Barua yako ilifika katikati ya Mei. Niliijibu mara mbili na mara mbili nikachana jibu. Vital aliondoka mikono mitupu, akaniuliza kama nimeanza kuzeeka. Nikamwambia alete lori, asilete maswali.

Salamu za nyumbani ni zilezile. Mama yako mkubwa sasa anatembea kwa fimbo. Nimesikia kwa redio kwamba mtihani wa serikali umekwisha. Séphora aniandikie mwenyewe maswali ya Kifaransa aliyoulizwa.

Maneno hayo nayajua. "Mutu haiko humu, baba. Benyewe balienda zamani." Siku za vita ya mji tulikuwa katika chumba cha nyuma cha nyumba hiyohiyo, mimi, baba yako na mama yako, na wewe ukiwa huna meno ya mbele. Agathe alikaa langoni akichambua maharagwe. Walipita watu wa kila upande, kwa siku nyingi, nao wote waliuliza nani anaishi humu, na wote waliambiwa maneno hayo kwa sauti hiyohiyo. Sitaongeza kitu juu ya hayo. Siku ya mwisho tukatoka.

Kwa hiyo nafuta nilichoandika Machi. Agathe hataitwa kukiri uongo mbele ya karani yeyote maadamu mimi ni hai. Mwambie Bénédicte hivyo, na ikiwa hakubali, atafute fundi mwingine.

Liko jambo la pili. Nimewasahihisha watoto kwa miaka mingi, na ninaposoma maelezo ya mtu huwa nauliza alikuwa amesimama wapi. Uliniandikia kwamba ulikuwa sokoni kununua uzi. Katika barua hiyohiyo umeandika aliyoyasema wakala na aliyojibu Agathe, neno kwa neno, Beni na Komanda, na mara ngapi mwenye miwani alikohoa. Agathe asingekusimulia kikohozi. Aliye sokoni hasikii kikohozi.

Ulikuwa ndani. Mashine ilinyamaza, ukanyamaza.

Sikukaripii. Nani angekukaripia katika ukoo huu? Lakini tume haiwezi kumsaidia mtu aliyekuwa sokoni wala mtu aliyekuwa amejificha. Fanyeni hivi: Bénédicte aombe kwa maandishi kwamba tume ije kuikagua nyumba yenyewe, mchana, chumba kwa chumba. Agathe asitajwe. Mweleze Agathe mapema, kwa upole, kwamba safari hii wanaokuja wanatakiwa kuambiwa kwamba nyumba ina watu. Na wakibisha, wewe ufungue. Usingoje mtu mwingine aseme kwa niaba yako.

Najua ninachokuomba.

Tharcisse


Bunia, tarehe 18 Agosti 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Séphora amefaulu. Anakuandikia mwenyewe, barua yake imo ndani ya hii pamoja na maswali ya Kifaransa, na ameomba usiisahihishe na kuirudisha. Mpe Mama Mkubwa kitenge hiki. Nimekishona kwa kipimo cha zamani, kama amepungua atakaza.

Ni kweli nilikuwa ndani. Umeliandika wewe, basi mimi sitalirudia.

Tume ilikubali ukaguzi. Nilikwenda kwa Mama Agathe mara mbili kumweleza. Mara zote mbili alitikisa kichwa: "Nimesikia, mwanangu. Batauliza, nitasema uko. Miye si mutoto." Walituandikia kwamba watakuja Jumatatu. Nilifagia, niliwafulia watoto wa majirani nguo na kuzianika ili ua uonekane una watu, hata majani ya langoni niliyakata.

Walikuja Ijumaa iliyotangulia.

Nilikuwa nashona kola. Nikasikia pikipiki, kisha kikohozi. Mguu wangu ulisimama wenyewe juu ya pedali. Séphora alikuwa kwenye mkeka na kitabu; akanitazama, akakifunga bila sauti. Hakuna aliyemfundisha hilo, Baba Mkubwa. Vita hiyo ilipita kabla hajazaliwa.

Nje nikamsikia yule mwenye miwani: "Mama, binti ya marehemu anaishi humu?"

"Binti gani?"

"Kavira. Fundi ya nguo."

"Huyo sijue. Mutu haiko humu, baba."

Alikuwa ameahidi mara mbili. Nami nilikaa pale, kola mkononi, nikiisikia nyumba ikichukuliwa mara ya pili kwa maneno yaleyale, na mwili wangu ukishukuru. Ndivyo ilivyokuwa. Ulishukuru, kwa sababu watu walikuwa karibu kuondoka.

Kinywa hakikufunguka. Basi nikakanyaga pedali.

Mashine hiyo unaijua kelele yake. Nje wakala akasema, "Na hiyo ni nini?"

"Hiyo? Mashini. Ya bantu ba nyuma."

"Mama, nyuma kuko ukuta."

"Basi ni ukuta inashona," akasema Mama Agathe. "Leta inajua mambo yote, haijue hiyo?"

Askari akacheka. Nikasimama, nikaenda mlangoni, nikafungua. Jua lilinipiga machoni. Nikasema, "Niko." Ndilo neno pekee nililoweza, na nakuomba usilisahihishe.

Wakala akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Lakini mimi nilikuwa namtazama Mama Agathe. Alikuwa ameinuka kwenye kigoda chake, makaa mikononi, na uso wake haukuwa na haya. Ulikuwa na hofu, kama mtu anayeona mtoto akitoka chini ya kitanda kabla watu hawajafika mbali.

"Nani alikuambia utoke?" akasema.

"Baba Mkubwa."

"Tharcisse?" Akakaa. "Tharcisse yeye mwenyewe hakutokaka. Yote ilikuwa imeisha, bantu balikuwa banaimba mu barabara, yeye iko kwa chumba ya nyuma na mulango amefunga. Miye ndiye nilimuvutaka na mukono."

Wewe uliniandikia tu kwamba siku ya mwisho mkatoka. Sikuulizi.

Mawakala waliingia. Walihesabu vitanda, wakamwuliza Séphora jina lake na shule yake, wakaniambia nishone mbele yao, nikashona. Mwenye miwani aliandika ripoti mpya, na nilipomwuliza kwa sauti ndogo kuhusu kidole kilichotiwa Januari, alimtazama Mama Agathe, akasema, "Mama yangu pia, kule Mahagi, ukimuuliza jina yake atakuambia amesafiri." Hakuandika kitu juu yake.

Nilidhani yameisha. Hayakuisha. Ripoti ya Januari ina saini ya mkurugenzi, kwa hiyo ripoti mpya haiwezi kuifuta bila saini ya mkurugenzi, naye yuko likizo Kinshasa, na anayekaimu anasema yeye anakaimu mambo madogo tu. Bénédicte ameandika barua mbili kali. Bwana Guelord ameandika pia. Anasema hapingi sisi kuwepo, ila yeye naye ana karatasi halali, na kama si hii basi wamwonyeshe nyumba nyingine. Nyumba nyingine haipo. Fifi ameleta kitambaa cha pazia, akaniachia bila kusema ni cha madirisha gani. Nimekikunja nikakiweka juu ya kabati. Sijakikata.

Karatasi ya zamani bado iko mlangoni. Bénédicte amenikataza kuibandua, kwa kuwa kuibandua ni kosa. Kila asubuhi nafungua mlango ulioandikwa kwamba sipo.

Mama Agathe amerudi kuuza makaa langoni. Alininunia siku tatu, kisha akanitumia Séphora na sahani ya sombe. Jana alikuja mtu anayetaka kushonewa suruali, akamwuliza kama fundi yuko. Nilikuwa dirishani. Mama Agathe alimtazama viatu, akatazama mikono yake kama ana karatasi, akawaza sana. Kisha akasema, "Piga hodi. Kama iko, atafungua mwenyewe."

Usiku ule nililala vizuri. Siwezi kukuambia kwamba tutaishi hapa mwakani. Mkurugenzi akirudi na akiamua, tukae au tutoke, nitakuandikia siku hiyohiyo, nitampa Vital mkononi, na barua hiyo itakuwa na tarehe na saini, kama unavyotaka.

Mtoto wako, ambaye yuko,
Kavira